Fataki za Mwaka Mpya Ukiwa Ziwani: Panga Kurudi Kabla ya Kwenda

Fataki za kuupokea mwaka mpya ni za dakika chache tu. Yaliyobaki, yaani kufika mwaloni, kupanda boti, kungoja katikati ya maji hadi saa sita kamili, kisha kurudi gizani pamoja na boti nyingine zote zenye haraka, huchukua saa mbili na nusu au zaidi. Wengi wanaopanga matembezi haya huzipanga zile dakika chache: nani alete spika, nani alete nyama choma, tukae upande gani picha zitoke vizuri. Makala haya yanashughulika na saa zilizobaki.

Mfano wetu ni Ghuba ya Mwanza, kuanzia Kirumba kupita Capri Point hadi pande za Luchelele. Aliyeko Musoma, Bukoba, Kisumu au Entebbe atabadilisha majina ya mialo na ofisi za kuuliza, lakini ziwa ni moja na tabia zake ni zilezile.

Kwanza, fataki zenyewe zipo?

Swali hili si la kitoto. Tanzania mtu haruhusiwi kulipua fataki kienyeji. Anayetaka kuzilipua huomba kibali Polisi, na Desemba ikielekea ukingoni husikika matangazo ya Polisi ya kukataza fataki zisizo na kibali na uchomaji wa matairi barabarani. Kwa hiyo hoteli iliyolipua mwaka jana inaweza isilipue mwaka huu. Siku mbili tatu kabla, piga simu hotelini uulize mambo matatu: kibali kimetoka? Zitarushwa saa ngapi? Na zitarushiwa wapi hasa, juu ya paa, ufukweni, au kwenye chombo kilichotia nanga majini?

Jibu la swali la tatu ndilo litakalokuambia mkae wapi. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo hutoka mjini kwenda ziwani. Kwa hiyo fataki zikirushwa ufukweni saa sita usiku, moshi wake, pamoja na majivu na vipande vya maboksi vinavyoanguka vikiwa bado na moto, huelekea kulekule mlikotia nanga nyinyi. Anayejipanga mbele ya hoteli kabisa akidhani amewahi nafasi bora huona milipuko ya kwanza kwa raha zake, halafu muda uliobaki anaangalia moshi. Kaeni ubavuni, upepo uwapige shavuni, si usoni.

Kuhusu umbali, warusha fataki wa Marekani wana kanuni ya futi 70 kwa kila inchi moja ya upana wa kombora. Kombora la inchi 6, ambalo ni kubwa kwa sherehe ya hoteli, linataka watazamaji wakae takriban mita 130 kutoka linaporushiwa. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, tena kwa watu waliosimama nchi kavu wasio na tangi la petroli miguuni. Majini zidisha mara tatu au nne na hutapoteza kitu, maana fataki hupasuka juu angani na kwa mbali kidogo ndipo unaziona zima bila kuvunja shingo. Kupima umbali hakuhitaji chombo chochote: hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde moja ni mita 340 na sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Mwanga na mlio vikija pamoja, mko karibu mno.

Na asitokee kijana wa kubeba fataki zake mwenyewe ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukajikusanya kwenye sakafu ya boti, chini ya mbao, mahali ambapo cheche moja inautosha. Mpekueni kabla ya kupanda kama ni lazima.

Ziwa la usiku

Anayeliona Ziwa Victoria kila siku akiwa Makongoro au pale Kamanga huanza kulichukulia kama bwawa la mjini. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mnapozunguka ncha ya ghuba kuelekea maji ya wazi hakuna tena milima ya kuwakinga.

Jambo ambalo wavuvi wanalijua na watu wa matembezi hawalijui ni kwamba ziwa hili lina hali yake ya hewa, na saa zake mbaya ni za usiku. Ule upepo wa kutoka nchi kavu hauvumi Mwanza peke yake. Unavuma kutoka pande zote, Mara, Kagera, Uganda, Kenya, na zote hukutana juu ya maji yenye joto la nyuzi 25 hivi. Hewa hiyo haina pa kwenda isipokuwa juu. Ikipanda inazaa mawingu ya radi. Ndiyo maana mchana mvua hupenda kunyesha nchi kavu, na kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri huhamia ziwani. Ongeza kwamba Desemba ni sehemu ya msimu wa mvua Kanda ya Ziwa. Mtu anayetaka kuwa majini saa sita usiku tarehe 31 Desemba amechagua saa ambayo ziwa linaanza kuchangamka.

Hii haimaanishi msiende. Inamaanisha utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, usomwe jioni ileile, si wa juzi uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp. TMA hutoa utabiri na tahadhari kwa watumiaji wa ziwa, wenye kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Halafu muulize mvuvi yeyote pale mwaloni, kisha uangalie kama wavuvi wenyewe wametoka. Wakiwa wamepandisha mitumbwi mchangani jioni isiyo na mbalamwezi, na huku wao ndio riziki yao iko majini, wewe unaenda kutafuta nini?

Mkiwa tayari ziwani, dalili ni upepo unaogeuka baridi ghafla na mwanga unaomulika upande ambao hakuna hoteli. Hapa fataki zina hila yake: mlio wake huficha ngurumo. Mmoja wenu apewe kazi ya kuangalia upande wa nyuma, kule ambako hakuna anayepiga picha. Akiona mwanga, ahesabu sekunde hadi ngurumo na agawe kwa tatu apate kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Nanga ing'olewe hata kama ni saa sita kasoro dakika mbili.

Boti na mwenye boti

Nenda ukaione mchana. Usikodi kwa simu, na usikubali kuonyeshwa boti moja ukapandishwa nyingine. Kuanzia mwaka 2018 kazi ya kukagua na kusajili vyombo vya majini iliyokuwa ya SUMATRA ilihamia TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo lina ofisi Mwanza. Chombo cha kubeba abiria kinapaswa kuwa na cheti cha ukaguzi, na cheti hicho kinataja idadi ya watu. Omba kukiona, tena bila aibu.

Mazungumzo pale mwaloni huwa hivi.

"Kaka, boti yako inabeba watu wangapi?"

"Nyinyi mko wangapi, bosi wangu?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane hao hao wanaingia, haina shida."

Huyo hajajibu swali. Ametaja idadi yako. Mwenye boti anayeijua boti yake hutaja namba kabla hajakuuliza mko wangapi, na ukimwongezea wawili anakataa. Kama cheti hakionekani na umebaki na kichwa chako, kuna hesabu ya Walinzi wa Pwani wa Marekani kwa boti ndogo za injini zisizofikia futi 20: zidisha urefu kwa upana kwa futi, gawa kwa 15. Boti ya futi 18 kwa 6 inatoa watu saba. Saba, pamoja na nahodha, na hiyo ni kwa maji tulivu na watu waliokaa. Watu wanaocheza muziki hawahesabiki kwa kanuni hiyo, wapunguze.

Tusizunguke, tunajua kinachotokea namba ikivukwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya kisiwani Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, upande wa Uganda, boti ya starehe MV Templar ilizama wilayani Mukono ikiwa na watu waliokwenda kula raha ya mwisho wa wiki. Zaidi ya 30 walikufa. Nayo ilikuwa imejaza, na haikuwa na leseni. Vyote viwili havikuwa mbali na nchi kavu. Abiria wa matembezi hujipa moyo kwa taa za mji anazoziona pale karibu, lakini mita mia mbili ni mbali sana kwa mtu aliyevaa jinzi usiku.

Boti zenye ghorofa, ambazo ndizo zinazopendwa kwa sherehe, zina tatizo la ziada. Kila anayepanda juu anaipandisha boti uzito kichwani. Saa sita ikifika wote wanataka kuwa juu, na wote wanataka upande mmoja. Mwekeeni nahodha idadi ya juu mapema, na awepo mtu wa kusimama kwenye ngazi.

Nahodha mwenyewe mchunguze kama unavyoichunguza boti. Muulize amewahi kurudi kutoka huko unakotaka kwenda usiku, si mchana. Mwanza ni mji wa mawe, na Jiwe la Bismarck linalopendeza kwenye picha ni miongoni mwa yale yaliyoamua kujitokeza. Mengine yamelala chini kidogo ya uso wa maji. Uzoefu wa zamani nao unaweza kudanganya, kwa sababu mwaka 2020 na tena 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi viwango vya juu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Jiwe ambalo baba yake alilitumia kama alama linaweza kuwa limefunikwa nusu mita, na hapo ndipo linapopasua faiba.

Kisha kuna jambo ambalo watu hulisahau: hata nahodha ana mwaka mpya wake. Atapigiwa simu, atapewa bia na abiria wenye roho nzuri, na ikifika saa sita na dakika tano atakuwa mwenzenu wa sherehe. Kwa miaka mingi takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani zimeonyesha pombe ikiongoza miongoni mwa sababu zinazojulikana za ajali za boti zenye vifo, na hakuna sababu ya kudhani maji yetu ni tofauti. Mkubaliane mapema, mbele ya watu wote, kwamba yeye na msaidizi wake ni wa soda hadi mmeshuka. Chakula chake kiwe kile mnachokula nyinyi, tena apakuliwe wa kwanza. Ukimlisha vizuri na kumlipa vizuri, sharti la soda halimchukizi.

Bei ipatane nzima, siyo ya kwenda tu: mafuta, muda wa kungoja, kurudi, na kiasi gani kitaongezeka mkichelewa. Mpe advansi ya kununulia mafuta, iliyobaki aipate mkirudi. Utaratibu huu hauna uhusiano na kutomwamini mtu. Unazuia ile hali ya nahodha kutaka kuwashusha haraka akachukue kundi jingine, saa ambayo hampaswi kuwa na haraka.

Katika mafuta, theluthi moja ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Angalia pia nanga yenye kamba ndefu, makasia mawili, tochi mbili zinazowaka, na kitu cha kuchotea maji. Magugu maji yakizonga panga la injini, mtu atahitaji kisu na mwanga, na injini iwe imezimwa kabisa, si kutolewa gia tu.

Jaketi

Mwenye boti atakuambia maboya, yaani jaketi za kujiokolea, yapo. Omba yatolewe nje, yapangwe juani, uyahesabu. Yale yaliyokaliwa miaka mitatu kama mito ya viti huwa yamesinyaa. Ukilibonyeza kwa vidole viwili sponji hairudi. Vuta mikanda kwa nguvu, maana kitambaa kilichochomwa na jua hukatika kama karatasi. Bizimu ambalo halifungi ni jaketi ambalo halipo.

Halafu lijaribu mwilini. Mtu alivae na kulifunga, mwingine amshike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, likiwa majini litamvuka kichwani. Kwa watoto jambo hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mialoni jaketi za watoto ni adimu na mtoto wa miaka minne huvalishwa la baba yake akaonekana amependeza. Litamtoka. Tafuta la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na kama halikupatikana mji mzima, mtoto huyo abaki nyumbani na bibi. Mtoto aliyeachwa analia usiku mmoja na asubuhi ameshasahau.

Jaketi huvaliwa nchi kavu, kabla ya mguu kuingia botini, na huvuliwa nchi kavu. Atakayesema linaharibu nguo yake ya sikukuu mruhusuni avae kitenge juu yake apige picha anavyotaka, ilimradi lifungwe.

Mkiwa majini

Mwishoni mwa Desemba jua la Mwanza huzama kwenye saa moja jioni, kwa hiyo hakuna namna ya kufanya safari hii yote kwenye mwanga. Lakini njia mnaweza kuipita mchana. Nahodha akubali kwenda na kurudi mara moja alasiri, na mmoja wenu arekodi njia hiyo kwenye simu kwa programu ya ramani. Nyingi hufanya kazi hata bila intaneti. Usiku mtaufuata mstari uleule. Kwa fataki za saa sita, kupanda saa tano kasoro kunatosha. Kukaa ziwani tangu magharibi ni kutafuta mbu na ugomvi.

Pandeni kutoka kwenye gati kama lipo. Kutembea majini na viatu mkononi kunapendeza, ila maji ya kando yenye matete ndimo konokono wa kichocho wanamokaa, na wazee hawapaswi kuvushwa mgongoni gizani.

Boti inapaswa kuwa na taa: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Boti ndogo nyingi za mialoni hazina, basi angalau taa moja nyeupe inayoonekana pande zote iwake muda wote, hata kama inavuta wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoingia puani kwa mamia. Vumilieni. Msipoonekana ninyi, meli inayoingia Bandari ya Mwanza haitawakwepa, na haina breki. Msitie nanga kwenye njia yake wala ya pantoni ya Kamanga.

Taa mtakazoziona mbele, zimetawanyika juu ya maji kama mtaa mwingine wa mji, ni za wavuvi wa dagaa. Wao hutoka usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu dagaa hufuata taa pale tu palipo na giza. Tazama kalenda ya mwezi: mwaka mpya ukiangukia giza, fataki zitang'aa zaidi, na ziwa litakuwa na nyavu zaidi. Kati ya taa na taa kuna kamba, na chini ya kamba kuna wavu ambao ni mtaji wa mtu. Zungukeni mbali. Kumkatia mvuvi wavu usiku wa kuamkia mwaka mpya ni dhambi, na kunaswa panga la injini kwenye wavu huo ni adhabu yake ya papo hapo.

Chakula kiwe cha kushika mkononi. Sambusa, mishikaki iliyochomwa nyumbani, mkate wa kumimina, maji mengi. Jiko la mkaa halipandi boti, hata liwe dogo namna gani. Wengi hushtuka kuhusu baridi: usiku, upepo ukivuma juu ya nguo zilizorushiwa maji, sweta linatamanika hata Mwanza.

Choo hakuna. Lisemwe wazi kabla ya safari ili kila mtu ajisaidie kwanza, maana mwanamume anayesimama ukingoni usiku, mkono mmoja umeshika zipu na mwingine umeshika chupa, ndiye anayeanguka. Kuwe na ndoo na khanga ya kujisitiri.

Dakika inayotaka akili zaidi ni ile ya mlipuko wa kwanza. Watu wote huinuka, wote huenda upande mmoja, mikono yote miwili juu na simu. Boti huinama bila kelele yoyote. Dawa yake ni kuielekeza boti mapema ili fataki ziwe mbele ya pua yake, kila mtu aone akiwa amekaa. Atangazwe mtu mmoja wa kupiga video, awatumie wenzake kesho. Watoto kila mmoja awe na mtu mzima wake aliyetajwa jina. "Tutawaangalia wote" maana yake hakuna anayewaangalia.

Mtu akianguka, anayemwona apige kelele na amnyoshee kidole, asiondoe macho kwake hata sekunde. Mwenzake atupe chochote kinachoelea, na hakuna kitu bora kuliko dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kufungiwa kamba shingoni. Liandaliwe tangu mwanzo, liwekwe karibu. Nahodha amsogelee polepole, na kabla ya kumvuta ndani injini izimwe.

Kurudi

Fataki zikiisha, msiondoke.

Macho ya binadamu huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kulizoea giza, na mwanga mkali mmoja tu hurudisha kazi yote mwanzo. Nahodha aliyetoka kutazama fataki kwa dakika kumi yuko nusu kipofu, na manahodha wa boti nyingine zote wako vivyo hivyo, ila wao wamewasha injini. Nusu saa ile ya kwanza ya mwaka waachieni maji. Zimeni spika, gaweni sambusa zilizobaki, hesabuni watu kwa majina. Nahodha mwenye busara hukaa ameupa mji mgongo fataki zinapolipuka. Ukimpata wa namna hiyo, hifadhi namba yake.

Kisha rudini polepole, kasi ya kuwawezesha kusimama kabla ya kukifikia kitu mnachokiona kwa tochi. Boti kubwa ikipita na kuwaletea mawimbi, yapokeeni kwa pua kimshazari, si kwa ubavu. Tatizo la mwisho ni kuupata mwalo wenu, kwani kutoka majini taa za ufukweni zote hufanana. Mabaharia wana njia rahisi: wekeni taa mbili pale mnapotakiwa kushukia, moja karibu na maji, nyingine nyuma yake juu zaidi. Mkiziona moja juu ya nyingine, mko kwenye njia iliyo safi. Zikiachana, mmekwenda pembeni. Kijana wa kuzilinda taa hizo naye alipwe, maana tochi nzuri haikai mwaloni usiku wa sikukuu. Na msishukie ufukwe mwingine wowote kwa sababu ya uchovu; usiku viboko hutoka majini kwenda kula majani, na hawapendi kukutwa njiani.

Kabla ya haya yote, mtu mmoja aliyebaki nchi kavu awe na karatasi: jina la boti na namba yake ya usajili, jina na simu ya nahodha, orodha ya abiria, mnakokwenda, na saa ya kurudi. Mpe na amri moja: ikifika saa saba na nusu hajasikia sauti yenu, apige 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, asisubiri wala asione haya. Asiwe mtu anayekwenda kulewa mahali pengine.

Na kama jioni ile TMA imetoa tahadhari, au cheti cha boti hakikuonekana, bado fataki mtaziona. Miinuko ya Capri Point na Bugando inatazama mji na ghuba kwa pamoja, na kwa jicho la mtazamaji ni mahali pazuri kuliko botini. Moshi hauji huko. Kaeni tu mbali na umati na milango finyu. Usiku wa kuamkia 2023 watu wasiopungua tisa walikufa kwa kukanyagana kwenye jengo la Freedom City, Kampala, walipokimbilia kuona fataki. Hamu ya boti mnaweza kuimaliza tarehe 1 Januari mchana kwa kuvuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Saanane, safari fupi kutoka Capri Point, pundamilia na pimbi wakiwasubiri. Kwa familia yenye watoto chini ya miaka sita mimi ningechagua hiyo moja kwa moja.

Waliokwenda na kurudi usiku huo wana kazi tatu zilizobaki mwaloni: kuwahesabu watu mara ya mwisho, kumlipa nahodha chake kilichobaki, na kumpigia yule mwenye karatasi kabla hamjaanza kugombania bodaboda, kwa sababu saa saba na nusu ikimkuta hajasikia lolote, yeye atapiga 112.